Mstari Mmoja Kwenye Kadi

Kwenye mlango wa friji ya kina Kijino palikuwa na kadi ngumu iliyobanwa kwa sumaku mbili. Ilikuwa na safu tatu zilizopigwa kwa rula: Chakula, Kutoka, Kurudi. Mtu akitoa nyama, samaki au maziwa kwenye friji, aliandika saa. Akirudisha, aliandika tena. Wageni wengi walicheka wakiiona. Fundi wa friji aliwahi kuuliza kama na yeye atie saini kabla ya kwenda chooni.

Bibi hakujali vicheko. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha kufungasha samaki, akiwa mkaguzi wa kamba na kome, na kule kila kreti ilitembea na kadi yake. Alipostaafu aliondoka na vitu viwili: koti jeupe la kazi na tabia ya kadi.

Kijino alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alibandikwa na Bibi huyo huyo alipokuwa darasa la pili, kwa sababu jino lake la mbele lilichelewa kuota. Jino lilikuja, jina halikuondoka.

Jumamosi hiyo nyumba iliamka na shughuli moja tu. Bibi alikuwa na wiki tatu tangu atoke hospitali, alikofanyiwa operesheni ya utumbo. Kwa miezi miwili alikuwa amekula supu nyepesi na viazi vya kuponda. Dawa zilikuwa zimemwondolea uwezo wa kunusa. Ungeweza kukata kitunguu saumu chini ya pua yake asijue. Siku mbili kabla, daktari alimruhusu kula chakula cha kawaida, lakini alimtazama Mama machoni akasema, "Kiwe salama na kiive. Utumbo wake haujapona vizuri. Akitapika na kuharisha sana sasa, tutamrudisha chumba cha operesheni, na safari hii siwaahidi kitu."

Bibi alipoulizwa anataka nini, hakufikiri. "Kamba na kome," alisema. "Sufuria nzima."

Mama alikuwa mkunga, na siku hiyo alikuwa na zamu fupi iliyoanza saa saba mchana. Asubuhi alinunua kamba na kome sokoni, akawaweka kwenye bakuli pana lenye vipande vya barafu, kamba upande huu na kome upande ule, akalifunika kwa kitambaa kibichi na kuliingiza kwenye friji. Saa sita alimwamsha Konokono. Ndivyo walivyoiita sufuria yao ya umeme, ile nzito ya kupika taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona ikiharakisha jambo.

"Viazi, mahindi na vitunguu ndivyo vigumu, vinaanza," Mama alisema huku akivipanga chini na kumimina maji ya ndimu na viungo. "Kamba na kome wanaingia saa kumi na moja kamili. Ukiwatia mapema tutatafuna mpira. Na usifunue kifuniko kila dakika. Joto likitoka, Konokono hana mbio za kulirudisha."

"Na kome niwagonge lini?"

"Kabla tu ya kuwatia. Bibi yako amekufundisha."

Kweli alikuwa amemfundisha. Kome anayefaa ni aliye hai. Gamba lake likiwa wazi kidogo, unamgonga kwa mwenzake. Akiwa hai atajifunga. Asiyejifunga unamtupa. Baada ya kupika, asiyefunguka naye unamtupa. Bibi alikuwa akigonga kreti nzima kwa saa moja huku akizungumza na wenzake, na masikio yake hayakukosea.

Mama alimbusu Bibi, akachukua mkoba na kwenda. Bibi alikunywa dawa yake ya mchana, iliyomlaza kila siku hadi saa kumi.

Saa saba na nusu Kijino aliona hana kazi. Akafikiri kwamba akiwagonga kome mapema, jioni atakuwa na kazi moja tu ya kuwatumbukiza. Alilitoa bakuli, akaliweka kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Hakuandika kitu kwenye kadi. Alijiambia ataandika akimaliza, saa zote mbili kwa mpigo.

Alikuwa amegonga kome sita tu mlango ulipobishwa. Alikuwa Rula, jirani yake wa nyumba ya tatu, msichana mrefu aliyenyooka kama jina lake.

"Wewe, vaa viatu! Tumepungukiwa mtu mmoja uwanjani."

"Siwezi. Napika."

Rula alichungulia ndani. "Mbona anayepika ni ile sufuria? Wewe unacheza na magamba."

"Nawagonga kome."

"Wamekukosea nini?" Rula alicheka. "Twende, robo saa tu. Wale wa mtaa wa chini wanasema tumeogopa."

Kijino alitazama saa ya ukutani, akatazama bakuli. Robo saa ni kitu gani? Alivaa viatu.

Robo saa ilizaa nyingine. Timu yao ilikuwa nyuma, ikasawazisha, ikawa nyuma tena, na hakuna mchezaji anayetoka uwanjani katika hali hiyo. Aliporudi akiwa ametapakaa vumbi hadi kwenye nyusi, saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi.

Jua lilikuwa limehamia dirishani. Lilikuwa limetua mezani, juu ya bakuli. Kitambaa kilikauka. Barafu ilikuwa imekuwa maji, na maji yale, alipotia kidole, yalikuwa vuguvugu. Aliinama akanusa. Hakusikia harufu mbaya. Aligonga kome wawili. Mmoja alijifunga, wa pili akakawia, kisha akabaki wazi.

Chumbani kitanda kililia. Bibi alikuwa anaamka.

Kijino alimwaga maji, akatupa kome walioachama, akatia barafu mpya na kulirudisha bakuli kwenye friji. Kisha akachukua kalamu. Kwenye safu ya Kutoka aliandika 9:50. Kwenye safu ya Kurudi aliandika 10:00. Mkono wake uliandika vizuri kuliko siku zote.

"Kijino!" Bibi aliita. "Umewagonga?"

"Nimewagonga, Bibi."

"Wamekaa nje muda gani?"

"Dakika kumi."

"Safi. Sisi kiwandani tulipewa kumi na tano."

Saa kumi na moja kamili aliwatia wote kwenye Konokono na kufunika. Alijiambia kwamba moto unaua kila kitu. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara ilimbidi ajiambie tena.

Mama alirudi saa kumi na mbili. Kabla hata ya kuvua viatu alisoma kadi, kama alivyosoma kadi za wazazi wodini. "Dakika kumi. Vizuri sana, mwanangu." Akatandika magazeti mezani, akapakua chakula kwenye sinia kubwa. Kamba walikuwa wekundu, kome wamefunguka, mahindi yanang'aa. Bibi alikuja taratibu akiwa ameshika tumbo. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea.

"Kwa hiyo leo mimi ni mgeni rasmi," alisema akikaa. Alichagua kamba mmoja, akamgeuza kwenye mwanga, akammenya bila haraka. "Zamani ningemnusa kwanza. Lakini pua yangu nayo imestaafu. Sasa nina kadi tu."

Akamwinua kamba kuelekea mdomoni.

"Bibi, usile."

Sauti ilitoka kubwa kuliko Kijino alivyokusudia. Mkono wa Bibi ulisimama hewani.

"Kuna nini?" Mama aliuliza.

"Bakuli halikukaa nje dakika kumi. Nililitoa saa saba na nusu. Nikaenda kucheza. Nilirudi saa kumi kasoro."

"Karibu saa mbili na nusu?" Mama alishusha sahani. "Wapi?"

"Hapa mezani. Jua liliingia."

Bibi alimweka kamba juu ya gazeti, polepole, akafuta vidole.

"Lakini wamepikwa, Mama," Kijino alisema, na sasa alikuwa analia. "Wamechemka saa nzima. Vijidudu si vimekufa?"

"Vijidudu vingi vimekufa," Mama alisema. Uso wake ulikuwa umekaza, lakini sauti haikupanda. "Ila baadhi yao, chakula kikikaa kwenye joto, hutoa sumu. Moto unaua vijidudu, sumu ile unaiacha. Haina rangi wala harufu. Huenda imo, huenda haimo. Mimi simlishi mama yangu huenda."

Alibeba sinia nzima, pamoja na viazi na mahindi, kwa sababu vyote vilichemka katika maji yale yale, akavifunga vyote katika mfuko na kuvipeleka kwenye pipa la nje. Kijino alisikia kifuniko cha pipa kikigonga. Mama aliporudi aliingia jikoni, akaweka mayai motoni.

"Nenda kalete kadi," Bibi alimwambia mjukuu wake. "Na kalamu."

Kijino alileta kadi, kalamu na kifutio.

"Kifutio cha nini?"

"Nifute."

"Hatufuti." Bibi alikisukuma kifutio mbali. "Kaa hapa. Nilikuwa na mwenzangu kiwandani, tukikaa benchi moja. Siku moja kreti yake ilisahaulika uani asubuhi nzima. Aliogopa, akaandika dakika kumi na mbili. Watu kumi na mmoja waliugua, na mmoja wao hakupona. Tulipokwenda kuitafuta kreti iliyoharibika, kila kadi ilikuwa safi. Unaelewa? Kadi moja ilikuwa ya uongo, lakini hatukujua ni ipi, kwa hiyo zote zikawa karatasi tupu. Kosa la kusahau kreti lilikuwa dogo. Mtu yeyote husahau."

"Alifanywa nini?"

"Alisema ukweli baada ya siku nne. Wewe umesema kabla sijatafuna." Bibi alimpa kalamu. "Sasa piga mstari mmoja juu ya ulichoandika. Mmoja tu, ili anayetaka kusoma kosa alisome. Pembeni andika saa za kweli, na jina lako."

Kijino alipiga mstari. Akaandika 7:30, kisha 9:55, kisha jina lake kamili la shuleni, ambalo halikuwahi kuandikwa kwenye kadi ile. Usiku huo walikula mayai ya kuchemsha na mkate. Bibi alikula yai moja na nusu, wala hakulalamika. Hilo ndilo lililomuumiza Kijino kuliko kama angegombezwa.

Jumamosi iliyofuata Mama hakuwa na zamu, lakini alikaa sebuleni miguu juu ya kiti. "Mimi sipo," alisema. Kijino alipanga viazi mwenyewe. Rula alipobisha hodi, alimjibu kupitia dirishani.

"Robo saa tu!" Rula alisihi.

"Robo saa zako nazijua. Njoo uoshe mahindi, au nenda."

Rula aliosha mahindi, na kuuliza ule mstari wa kwenye kadi ni wa nini. Kijino alimweleza yote, bila kuruka kipande. Rula aliweka hindi chini. "Mimi ndiye niliyekuita," alisema.

"Lakini mimi ndiye niliyeandika," Kijino alijibu.

Jioni sinia ilirudi mezani. Mama alitaka kuweka kadi mpya, kwa sababu ile ilikuwa imejaa na, alivyosema, imechafuka. Bibi alikataa. Aliiomba, akavaa miwani, akaisoma kutoka juu hadi chini: maziwa, nyama, mstari mmoja mweusi na saa mbili pembeni yake, na mwisho kabisa, *Kamba na kome, 10:40, 10:52*.

"Nimesoma maelfu ya kadi," alisema. "Kadi isiyo na kosa hata moja mwaka mzima ilikuwa ikinitia wasiwasi. Katika hii nimeona mtu alipokosea, na nimeona alivyosema. Ndiyo maana mstari wa mwisho nauamini. Kijino, watu hawataki usikosee kamwe. Wanataka wajue kwamba ulichoandika ndicho kilichotokea, kwa sababu kuna siku watakula kwa kutegemea maneno yako."

Akavua miwani. Akachukua kamba, akammenya, na bila kumgeuza kwenye mwanga akamtia mdomoni.