Aaliya Asafisha Kompyuta ya Babu

Kila Idd ilipokaribia, nyumba ya Nyanya Zabibu mjini Nyeri ilijaa ndoo na mifagio. Mapazia yalishushwa, zulia likaanikwa nje jua lilipokubali kuchungulia kwenye ukungu, na mjukuu wake Aaliya akapewa kitambaa apanguse sebule. Mwaka huo hakuna kilichosazwa, isipokuwa viatu vya Babu Zubair pale mlangoni. Hivyo havikuguswa, ingawa mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Babu alikuwa mpiga picha. Alizipanga picha zake zote kwenye kompyuta, katika programu ya zamani ya albamu, na kila picha akaiwekea maelezo kwa sauti yake mwenyewe. Siku ya Idd, baada ya pilau, jamaa wote waliketi mbele ya kompyuta hiyo kutazama na kusikiliza. Na ilivyokawia kuwaka, jamani! Babu alikuwa akicheka na kusema, "Iacheni ivute pumzi," kisha anaanza kusimulia visa vya zamani huku chai ikinywewa.

Hii ingekuwa Idd ya kwanza bila Babu. "Mwaka huu tutamsikia tu," Nyanya alikuwa amesema. "Inatosha."

Aaliya alitaka kumfurahisha Nyanya kwa kuifanya kompyuta iwake upesi. Rafiki yake Shiku, binti wa jirani, alikuwa na jibu tayari.

"Hiyo ni rejista imejaa takataka," Shiku alisema. "Kuna programu ya bure ya kuisafisha. Kakangu anasema ati kompyuta inakuwa kama mpya!"

"Rejista ndiyo nini?"

"Hata mimi sijui. Lakini kama iko na uchafu, si isafishwe?"

Kwa mtu aliyeshinda na kitambaa mkononi, maneno hayo yalikuwa matamu kweli. Aaliya aliiingiza programu hiyo. Ikapekuapekua, kisha kioo kikajaa maandishi mekundu: makosa, makosa, makosa! Hakusoma hata moja. Alibonyeza mahali palipoandikwa "Safisha yote", akaketi akijisifu moyoni.

Kompyuta ilipowaka tena, ilikawia vilevile. Hilo lingevumilika. Lakini Aaliya alipobonyeza albamu ya Babu, iligoma kabisa. Hapakuwa na picha wala sauti, ila ujumbe kwamba programu haipatikani. Alijaribu tena na tena.

Wakati huohuo Nyanya aliingia na kikombe cha chai. "Hebu nimsikie kidogo kabla wageni hawajafika," alisema.

"Imekataa, Nyanya," Aaliya alijibu akitazama sakafu. "Labda ni stima. Si umeme ulipotea jana?"

Aaliya hakuwa mtoto wa kusema uongo, lakini hofu ilimponza. Nyanya aliketi polepole.

"Si stima," alisema. "Ni mimi. Asubuhi niliipangusa kwa kitambaa chenye maji. Zubair alinikataza miaka yote hiyo, nami sisikii. Sasa nimeinyamazisha sauti yake kwa mkono wangu mwenyewe." Machozi yakamtoka.

Aaliya hakuweza kuvumilia. "Si wewe, Nyanya! Ni mimi!" alisema kwa sauti. Akaeleza yote, kuanzia maneno ya Shiku mpaka uongo wa stima.

"Kwa nini uliniacha nijilaumu?" Nyanya aliuliza.

"Niliogopa. Nisamehe, Nyanya."

"Ningekugombeza, ndiyo, halafu yangeisha. Haya, mbio! Kamwite Mwalimu Wangechi."

Mwalimu Wangechi alifundisha kompyuta katika shule ya upili, na nyumba yake ilikuwa nyuma tu ya hapo. Alikuja mikono ikiwa bado na unga wa chapati. Aaliya alimweleza alichokifanya bila kuficha kitu, naye akajua mara moja pa kuanzia.

"Rejista ni mahali kompyuta inapoweka maelekezo yake," alieleza. "Programu fulani iko wapi, inafunguliwaje. Nyanya, ile mikebe yako ya jikoni ina nini?"

"Wa kahawa una bizari. Wa maziwa ya unga una iliki."

"Mgeni akitupa kila mkebe asiouelewa?"

"Wee! Sitapika tena!"

"Basi ndivyo ilivyokuwa. Programu hiyo haikuitambua albamu ya zamani, ikadhani ni mabaki. Na mabaki yenyewe ni madogo mno, Aaliya. Hata ukiyaondoa yote, hutaona kompyuta ikienda haraka zaidi. Ukikosea ukaondoa kinachohitajika, ndiyo umeharibu."

Kwa bahati nzuri, kompyuta ilikuwa imejiwekea nakala ya mipangilio yake kabla ya programu ile kuingizwa. Mwalimu aliirudisha mipangilio hiyo. Aaliya akabonyeza albamu tena. Kisha picha ya shamba lenye ukungu ikatokea, na sauti nzito ikajaa sebuleni:

"Zabibu, unaikumbuka siku hii? Tulienda Mweiga kununua viazi, mvua ikatunyeshea, ukanilaumu mpaka nyumbani!"

"Na nilikuwa na haki!" Nyanya alijibu, akicheka huku analia.

Mwalimu alizihifadhi picha na sauti zote mahali pengine pa usalama. Kisha akaizuia michezo na programu nyingine zilizokuwa zikijiwasha zenyewe, maana hizo ndizo zilizokuwa zikiilemea kompyuta. Ikapata nafuu, ingawa uzee haukuondoka.

"Bado inakawia, Nyanya," Aaliya alisema kwa huzuni.

"Nani alikuambia mimi nina haraka? Ilipokuwa ikikawia, ndipo babu yako alipokuwa akizungumza nami." Nyanya alimvuta karibu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kabla hujaondoa kitu, kijue kwanza ni cha nini. Na ukiharibu, sema mapema. Leo umesema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomwezesha Mwalimu kuirudisha sauti ya babu yako."

Siku ya Idd, baada ya pilau, kompyuta iliwashwa. Wageni wakaanza kunung'unika.

"Iacheni ivute pumzi," alisema Aaliya. Alimimina chai, akaketi karibu na Nyanya, akaanza kuwasimulia habari za viazi vya Mweiga.