Alfajiri Ni ya Kina Mama

Stesheni ya Tabora ilifurika abiria wa Kigoma siku Lugembe alipomkanyaga Advera mguu.

"We kaka, hayo macho au vifungo?"

"Nisamehe, dada. Yalikwama kwenye gauni lako."

Gauni lilikuwa la kitenge cha njano, limemkaa kiunoni sawasawa. Advera akacheka kabla hajanuna. Wakaulizana habari. Lugembe aliajiriwa na hoteli moja kuongoza wageni waliokwenda maporomokoni, kando ya njia ya zamani ya misafara, kukandwa mgongo na maji yaangukayo na kupumzisha akili.

"Mbona hayo maporomoko yako kwetu!"

"Kumbe naenda ukweni bila kujijua."

Simu zikaanza.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Sauti yako tu sijaishiba."

Sasa, kwa kina Advera, alfajiri maji yale ni ya wanawake. Mzazi aliyetoka kujifungua huoshwa pale na shangazi zake. Mwanaume hupiga hodi akiwa mbali, akajibiwa, ndipo asogee. Lugembe hakuuliza. Akawaingiza wageni na kamera zao, dada yake Advera, mzazi wa siku chache, akiwa majini, kifua wazi.

"Advera, nisikilize kwanza..."

"Nikusikilize nini? Dada yangu kajifunika kwa viganja!" Akakata simu.

Mwenye hoteli naye akatangaza: alfajiri ni ya wageni, wanawake wataoga jioni. Advera akapanda basi mpaka kijijini. Kulipopambazuka, akaingia majini na kina mama wote, kanga zimewaganda mwilini.

"Anayetaka kututoa, aje alowe!"

Mara sauti ikatoka mbali. "Hodi! Hodi, mama zangu!" Alikuwa Lugembe, wageni nyuma yake. Shangazi Josepha akafungua kinywa kumjibu, Advera akamzuia.

"Mwache, shangazi. Mzazi hajamaliza."

Wakaimba, wakamsugua mzazi taratibu, jua likapanda. Simu ya Lugembe ikaita, naye akaijibu kwa sauti ya kusikika ng'ambo: "Bosi, kazi chukua. Siingii mpaka waniruhusu!" Bibi mmoja wa Kizungu akavua viatu, akakaa juu ya jiwe kungoja naye.

Mzazi alipokwisha kuvaa, Advera akapanda mwenyewe hadi alipo Lugembe, akichuruzika maji.

"Kazi huna sasa."

"Sina. Nisamehe, Advera."

"Wageni tutawaongoza wewe na mimi, kwa saa zetu. Asiyependa, hotelini kuna bafu."

"Na sisi je?"

"Jumapili lete wazee wako kwa baba. Ni mkali, nakwambia."

"Mkali kama wewe?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha."