Hodi Kutoka Kwenye Lifti

Lifti ya stesheni ilipanda polepole, na kabla mlango haujafunguka, mtu ndani akabisha. "Hodi."

Abdulsalam alikuwa amepiga magoti anakwangua chingamu kwenye jukwaa. Saa saba mchana. Kitongoji kizima cha kaskazini mwa Dallas kimejifungia kwenye AC, na treni bado dakika kumi na nane. Mhandisi huyu ana digrii mbili, ametuma résumé mia tatu za kuomba kazi, na majibu yote yanaanza na *unfortunately*. Lakini mtoto wa Mombasa akisikia hodi, mdomo haungoji akili.

"Karibu," akaitikia.

Mlango ukafunguka. Hamna mtu. Ikatoka harufu ya udi uliochanganyika na nywele zinazoungua, ikampita sikioni.

"Naomba maji, mwanangu," ikasema sauti ya kibibi, kwa adabu kabisa.

Siku hiyo Abdulsalam alikunywa galoni nzima ya maji, na ulimi ukabaki mkavu. Kesho yake, saa saba ileile, sauti ikaomba chakula. Alikula mpaka akatapika, na asubuhi suruali ikawa inamvuka.

"Abdu, aki umeisha!" alisema Kagendo, msafishaji mwenzake, Mmeru mwenye watoto wawili, aliyembembeleza supervisor mpaka Abdulsalam akapata kazi hii ya ufagio. "Ni stress ama umeanza diet za wazungu?"

Abdulsalam akaendelea kufagia. Siku hiyo, ya tatu, sauti ilikuwa imemwambia, "Kesho nitaomba pa kulala."

Jioni akampigia Maalim Muzammil wa Sugar Land, anayeagua watu kwa WhatsApp.

"Umemkaribisha kwa mdomo wako, halafu mimi nimfukuze?" Maalim akafoka. "Akilala ndani yako, huamki tena. Ataamka yeye. Hatoki mpaka akaribishwe na mwingine, kwa hiari yake."

"Mwingine nani, Maalim?" Abdulsalam akanong'ona.

"Wazungu hawajui hodi. Hapo kazini nani anajua kuiitikia?"

Wote wawili walijua jibu.

Siku ya nne, saa saba kasoro dakika moja, Abdulsalam akamwita Kagendo amsaidie kufuta vioo vya lifti, akasimama nyuma yake, na lifti ikaanza kupanda bila kubonyezwa na mtu, vioo vikiingia ukungu kutoka ndani kana kwamba umati unahema humo, ile harufu ya nywele ikimjaa kooni, kucha zikiukwaruza mlango taratibu kama za mtu asiye na haraka kwa sababu anajua atafunguliwa, na yeye angeweza kusema neno moja tu, dada nyamaza, na neno hilo alikuwa nalo mdomoni, akalimeza.

"Hodi."

Kagendo akaangua kicheko. "Haiya! Na ni nani wetu huyo? Karibu mama, ingia, feel at home!"

Mlango ukafunguka. Abdulsalam akahisi mbavu zake zikiachiliwa.

"Abdu," Kagendo akasema, na tayari alikuwa anajilaza kwenye saruji ya moto, shavu chini, macho wazi. "Nimeshikwa na usingizi, sijui ni nini. Niamshe saa nane, niende nichukue watoto shule."

"Nitakuamsha, dada," akamjibu kwa upole, huku kidole gumba kikimwandikia supervisor kwamba kuanzia kesho zamu za Kagendo anaweza kuzichukua yeye.