Kisanduku cha Matundu Mawili

SAA TATU ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha duka la kuziba pancha kilinuka mpira ulioungua. Nundu alikuwa ameufunga mlango kwa ndani na kukalia kiti pekee kilichokuwa kizima. Wengine walikalia matairi. Simu zao zote zilikuwa kwenye ndoo, katikati ya miguu yake. Nundu hakuamini mtu. Ndiyo maana hakuwahi kufungwa, na ndiyo maana hakuwa na rafiki.

Mezani palikuwa na kisanduku cha bati, ukubwa wa mkate. Kilikuwa na matundu mawili ya kebo za mtandao, moja kushoto, jingine kulia.

"Anza," alisema Nundu.

Fundi alikohoa. Kwa miaka alikuwa amevaa sare ya kampuni inayofunga visanduku vya aina hiyo, mpaka walipomfukuza. "Kisanduku kama hiki ndicho kinachoendesha milango ya kiwanda cha kusafisha dhahabu. Tundu la kushoto linaenda mtandao wa ofisi. Amri za milango zinapita hapo. La kulia linaenda kwa kampuni ya ulinzi, mjini. Kila baada ya muda mfupi kinawaambia: niko salama. Kikinyamaza, wanatuma gari. Na waliomo humo hawaji na marungu."

"Tukiushika upande wa milango, upande wa pili utasikia?"

"Hausikii. Bati ni moja, lakini ndani kila tundu lina mfumo wake wa mtandao. Anwani zake, njia zake, kumbukumbu zake. Ni kama wake wenza waliogombana. Nyumba moja, majiko mawili, hawaombani hata chumvi."

Breki, dereva wao, alicheka. Shemeji naye akacheka, kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Huyu Shemeji alikuwa mlinzi wa geti pale kiwandani, na mume wa dada yake Fundi. Mtu mwema, mwoga, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Fundi ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii. Alimwambia utafungua geti mara mbili tu, kuingia na kutoka, basi. Mtu mzima alimwambia mtu mzima mwenzake maneno ya kitoto namna hiyo, na yakaaminiwa.

Fundi akaonyesha. Chomoa kebo ya ofisi, chomeka kompyuta, toa amri. Kisanduku kikalia tiii. Kingekuwa cha kiwandani, mlango wa stoo ungekuwa umefunguka, na kule mjini wangeendelea kuambiwa niko salama.

"Sasa mfundishe Breki," Nundu akasema.

"Breki wa nini? Mimi si nipo?"

"Mfundishe."

Akamfundisha. Breki alikuwa mwepesi. Kushoto, chomoa, chomeka, andika. Alirudia mpaka akawa anafanya huku anapiga mluzi. Fundi alimtazama. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hapa Fundi ndiye aliyekuwa akiunoa wembe.

Shemeji aliondoka kwenda zamu yake. Fundi akatoka uani kunawa grisi. Ukuta wa mabati hautunzi siri.

"Huyu Shemeji ana mdomo wa redio," ilikuwa sauti ya Nundu. "Polisi wakimkoholea tu, anatapika majina yetu yote."

"Kwa hiyo?"

"Akishatufungulia geti la kutokea, mmalize. Hapohapo dirishani. Hata usishuke."

"Na Fundi?"

"Wewe si umeshajifunza?"

Bomba liliendelea kumwaga maji juu ya mikono iliyokwisha kutakata. Fundi hakujifikiria yeye kwanza, na jambo hilo lilimshangaza. Alimfikiria dada yake. Dada aliyeacha shule ili yeye asome. Dada aliyechelewa kuolewa kwa sababu ya kumlea yeye, na katika wanaume wote waliobisha hodi, aliyemchekesha alikuwa huyu huyu mropokaji. Jioni hii angekaa kumsubiri, sufuria iko mekoni, na asingerudi mtu. Fundi aliogopa kama hajawahi kuogopa.

Kumpigia hakuwezekani. Simu ilikuwa kwenye ndoo. Kukimbia hakuwezekani pia, kwa sababu aliporudi ndani Nundu alimshika bega na hakumwachia mpaka walipopanda gari.

SAA SABA KASORO

Walivaa ovaroli za mafundi wa viyoyozi. Ngazi juu ya gari, bastola ndani ya boksi la spana. Wafanyakazi walikuwa wakimiminika kwenda kula, na hakuna anayemtazama fundi wa kiyoyozi wakati ana njaa.

Shemeji akafungua geti. Akamkonyeza Fundi, kwa furaha ya mtu anayedhani yumo kwenye mchezo. Fundi alitoa macho, akajaribu kutikisa kichwa. Mkono wa Nundu ukamkaa shingoni.

"Leo hatusalimiani na ndugu," Nundu alimnong'oneza.

Breki aliegesha nyuma, mlango kwa mlango na stoo. Wakaingia koridoni, wakapita vyoo, wakafika kwenye kichumba cha umeme. Kufuli lilikatwa kwa pigo moja. Ndani palikuwa na joto, vumbi, na kisanduku ukutani. Fundi akanyoosha mkono kuchukua kompyuta.

"Acha," Nundu alisema. "Breki."

"Bosi, mimi nafanya haraka zaidi."

"Simama ukutani. Mikono niione."

Fundi akasimama ukutani. Ndipo alipokitazama kisanduku vizuri.

Kilikuwa kimefungwa kichwa chini, miguu juu. Vyote alivyofunga yeye na wenzake wa kampuni vilikuwa hivyo. Kebo zilishuka kutoka darini, na hakuna fundi aliyetaka kujisumbua kuzikunja. Kwa hiyo kushoto kwa mezani ndiko kulia kwa ukutani. Fundi hakuwaambia kule dukani, wala si kwa hila. Mikono yake ilishazoea, na kitu ambacho mikono imekizoea mdomo haukumbuki kukisema.

Breki akapiga mluzi. Akashika kebo ya kushoto. Ile ya kampuni ya ulinzi.

Akachomoa.

Hakuna kengele iliyolia. Hakuna taa iliyobadilika. Huko mjini tu, katika ofisi fulani, sauti iliyozoea kusema niko salama ilikuwa imekatika.

Breki akachomeka kompyuta. Kioo kikawaka, kikaonyesha namba ileile ya anwani aliyoiona mezani. Mafundi walizipa pande zote mbili namba moja, kwa kuwa hazikutani. Nyumba namba tano ipo mtaa huu na ipo mtaa ule, na wenyewe hawagombani. Kioo hakikuwa na namna ya kumwambia Breki yuko mtaa gani.

"Ni penyewe?" Nundu aliuliza. Hakumwuliza Breki.

Neno moja tu lilitakiwa. Akisema siyo, kebo inarudishwa haraka, pengine kabla mtu wa mjini hajamaliza kushangaa. Mlango unafunguka, dhahabu inatoka, na dada anakuwa mjane pale getini. Akisema ndiyo, gari linakuja, na yeye Fundi hatoki humu akiwa huru, labda hatoki akiwa hai.

"Ni penyewe," alisema Fundi.

SAA SABA

Breki aliandika amri. Kimya. Akaandika tena.

"Mbona hakilii?"

"Kinafikiri," Fundi alisema. Jasho lilimtiririka mgongoni. "Kichwa chake kidogo. Usikipigepige, kitachanganyikiwa."

"Mezani hakikufikiri."

"Mezani kilikuwa hakina kazi. Hapa kina milango kumi na kitu. Subiri."

Wakasubiri. Nundu alikuwa akimtazama Fundi usoni, si kisanduku. Alitazama kwa muda, kama anayesoma bango la mbali. Kisha akatazama kebo ya pili.

"Chomoa ile nyingine," alimwambia Breki. "Chomeka huko."

"Bosi, Fundi kasema..."

"Nimemsikia Fundi."

Breki akahamisha. Akaandika amri ileile. Kisanduku kikalia tiii, na nje koridoni mlango mzito wa stoo ukaguna na kuachia.

Hakuna aliyesogea.

"Ulisema ni penyewe," alisema Nundu taratibu. Bastola ilikuwa imeshatoka kwenye boksi.

Na huyo mwenye mdomo wa redio akachagua saa hiyo hiyo kuchungulia mlangoni. "Jamani, mbona mnachelewa? Watu wanamaliza kula! Na huko barabarani kuna gari linakuja mbio sana, sijui..."

Nundu aligeuza mkono kumwelekea. Fundi alimrukia Shemeji kwa uzito wake wote, wakabingirika pamoja hadi koridoni. Mlio wa risasi ulijaa ukuta hadi ukuta. Paja la Fundi likawaka moto.

"Kimbia!" alipiga kelele. "Kimbilia chooni, jifungie! Wamekuja kukuua wewe!"

Shemeji, kwa mara ya kwanza, hakuuliza swali.

Nundu alinyoosha bastola mara ya pili. Nje, breki za gari zilisaga. Alimtazama Fundi sakafuni, akautazama mlango wa stoo uliokuwa wazi, na tamaa ikashinda hasira. Akakimbilia stoo. Breki alikuwa ameshamtangulia kwenye usukani, anapiga honi kama kichaa. Mfuko mmoja tu Nundu aliwahi kuubeba.

Geti lilikuwa limefungwa, na mlinzi wake alikuwa chooni. Nundu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga risasi. Wale wa kampuni walijibu wote kwa pamoja, na walijibu kwa muda mrefu. Kisha honi ikalia mfululizo, bila mtu wa kuiondolea mkono.

Walimkuta Fundi ameegemea ukuta, anabana paja kwa mikono miwili. Polisi walikuwa wameshafika. Ofisa mmoja alichuchumaa mbele yake. Nyuma yake walimleta Shemeji, ovyo, machozi na kamasi, mdomo ukiwa umeshafunguka.

Lingetosha neno moja la Shemeji, naye angefungwa. Wafu hawasemi. Walioijua habari hii walibaki wawili tu.

"Unamjua huyu?" ofisa alimwuliza Fundi.

"Simjui," Fundi aliharakisha kusema, kwa nguvu, mpaka damu ikaruka kati ya vidole. "Mlinzi tu. Tulimshikia bastola akafungua. Tulikuwa tummalize."

Pengine wangeupata ukweli kesho au keshokutwa. Lakini leo jioni kuna mtu angerudi nyumbani, na kutoka hapo ilikuwa juu yake na mkewe kujua pa kwenda.

Ofisa akageuka. "Na wewe? Unamfahamu?"

Shemeji alimtazama Fundi. Fundi akamkazia macho, akimwomba, kwa mara moja tu katika maisha yako, bwana, sema kidogo.

"Simjui," alisema Shemeji.

Ndilo neno Fundi alilolitaka. Alikuwa ameliombea. Lilipotoka, lilimuuma kuliko paja, na Fundi akafumba macho ili uchungu huo usionekane.