Gari Lililozidi Mlango

Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, Chuma alifungua gereji yake akakuta gari halipo. Alisimama na kufuli mkononi, akatazama pale gari lilipokuwa, akatazama mlango, akatazama tena pale gari lilipokuwa. Kisha akaketi sakafuni.

Kufuli halikuvunjwa, lakini si hilo lililomvuruga akili. Gari lile halikuwa na uwezo wa kupita mlangoni.

Inspekta alifika saa mbili na nusu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na siku hiyo viatu vipya vilikuwa vinambana, kwa hiyo hakuwa na subira ya mafumbo.

"Hebu nieleze polepole. Halipiti kivipi?"

"Ni pana kuliko mlango, afande. Linazidi kiganja kila upande."

"Sasa humu ndani liliingiaje?"

Chuma akakuna kichwa, maana hapa ndipo aibu ilipokuwa. Aliyejibu ni binti yake, fundi injini ambaye mtaa mzima ulimwita Spana.

"Liliingia likiwa jembamba. Tukalipanulia humu humu."

Lilikuwa gari la michezo la zamani, lenye umri uliomzidi Spana mwenyewe. Walikuwa wamelivua hadi mifupa, wakalipa injini yenye nguvu maradufu, breki za kisasa na bodi nyepesi ambayo watu wawili wangeweza kuiinua. Juu ya hayo yote, walikuwa wameliwekea taa, honi, ishara na kila kinachotakiwa na sheria, ili trafiki asipate pa kulishika. Chuma, dereva wa mbio aliyestaafu bila kupenda, alikuwa akisema hiyo ndiyo raha yenyewe: gari la mashindano unaloweza kwendea dukani. Tairi pana zilihitaji madigadi mapana ya kuzifunika. Mdogo wake, mchomeleaji ambaye kila mtu alimwita Baba Mdogo, akayachomelea. Watu watatu waliokuwa wakishinda na futi kamba mfukoni, wakapima kila kitu isipokuwa mlango. Jumatatu mwashi alikuwa aje kubomoa ukuta, na siku hiyo hiyo Chuma aliendeshe mwenyewe kulipeleka kwenye ukaguzi.

Koplo aliyekuja na Inspekta alitoka nje kwenda kucheka. Inspekta hakucheka. Alizunguka chumba chote. Hakikuwa na dirisha hata moja. Hewa yake ilikuwa nzito, ya petroli na jasho, na joto la bati lilishuka kichwani. Ukuta mzima, paa zima. Juu ya meza ya kazi palikuwa na betri. Chini ya meza, beseni lililofunikwa kwa ubao. Alipofunua aliona oili safi, bado ina rangi ya asali. Kwenye msumari karibu na mlango ulining'inia ufunguo uliofungwa kitambaa chekundu.

"Huu ufunguo wa nini?"

"Wa gari lenyewe," alisema Chuma kwa sauti ya mfiwa.

"Mwizi kachukua gari kaacha ufunguo?" Inspekta akaonyesha kona ambako sakafu ilikuwa na alama nne za kutu. "Na hapa palikuwa na nini?"

"Bembea," alisema Spana. "Ni fremu ya chuma yenye magurudumu. Unalifunga gari mbele na nyuma, unalibinua upande ili uchomelee chini. Iliharibika, nimeipeleka kwa jirani itengenezwe."

Chuma hakuwa anasikiliza. Alikuwa anapapasa ukuta, kana kwamba angekuta mahali ulipofunguka.

Funguo za kufuli zilikuwa mbili. Mmoja Chuma aliuvaa shingoni mchana na usiku. Wa pili alikuwa nao Baba Mdogo, mtu mpole, anayeishi peke yake. Alipofika uani na kuulizwa usiku alikuwa wapi, alisema nyumbani. Nani alimwona? Hakuna. Akaonyeshwa chumba. Macho yake yalitua kwenye zile alama nne za kutu, yakahamia kwa Spana, na tangu hapo hakusema neno la maana.

"Nakuuliza tena, ulimpa mtu ufunguo wako?"

"Sina la kusema, afande."

"Ukinyamaza nakuweka ndani. Kesho asubuhi uko mahakamani."

"Niweke."

Spana alishika mkono wa Inspekta kwa nguvu. "Afande, baba mdogo hajaiba! Nakuapia."

"Kama si yeye, nani?"

Midomo ya msichana ikafunguka, ikafungika. Akamtazama baba yake, akaachia mkono. Baba Mdogo akapandishwa gari la polisi, akipita kando ya rundo la vyuma chakavu lililomwagwa uani, mbele ya kontena kuukuu lililofungwa kufuli. Spana alibaki katikati ya uwanja, kajikumbatia, na ilionekana wazi kuwa anaumia.

Saa tano Inspekta alikuwa nyumbani kwa mtu aliyejulikana kama Tajiri, mkusanyaji wa magari ya zamani, mwenye tumbo lililotangulia kufika kila aendapo. Huyu alikuwa amesema mbele za watu kwamba gari la Chuma atalipata kwa heri au kwa shari.

"Nilisema, ndiyo," alikiri bila wasiwasi. "Hata mke wangu nilimwambia hivyo hivyo kabla hajanikubali. Ni maneno tu, afande."

"Mara ya mwisho kuliona?"

"Jana jioni, saa kumi na moja. Chuma aliliwasha ili aniumize roho. Injini inanguruma mpaka meno yanacheza! Nikaomba walau niizime mimi. Nikaizima, nikachomoa ufunguo, nikautundika mwenyewe kwenye msumari wake."

"Na kile kitambaa?"

"Kitambaa gani?"

"Chekundu. Kimefungwa kwenye ufunguo."

Tajiri akaacha kutabasamu. "Hakikuwapo. Una hakika umekiona? Pale kitambaa chekundu kina maana moja tu: oili imemwagwa, usiwashe. Ukiwasha injini kavu unaiua. Ni sheria ya Chuma. Hata aamshwe usingizini, akimwaga oili lazima afunge kitambaa. Binti na mdogo wake amewalea hivyo hivyo." Akafikiri kidogo. "Lakini nani anaiba gari halafu anaogopa injini isiharibike?"

Hilo ndilo Inspekta alilokuwa akijiuliza njia nzima. Gari lilinguruma saa kumi na moja jioni, kwa hiyo lilikuwa na oili. Asubuhi oili ilikuwa kwenye beseni na betri mezani. Mtu aliyemwaga vimiminika vya gari alikuwa na sababu, na mtu huyo alikuwa analipenda.

Saa nane mchana alimtoa Baba Mdogo mahabusu akamkalisha kwenye chumba cha mahojiano. Kilikuwa chumba kidogo, na mchomeleaji alikuwa amejikunja kwenye kiti kama anaogopa kugusa kuta.

"Kaka yako anadhani umemuuza," alisema Inspekta.

"Adhani."

"Kitambaa chekundu ulifunga wewe?"

"Kitambaa tu hicho, afande. Vitambaa vimejaa gereji."

"Sawa." Inspekta alivua kiatu kimoja chini ya meza, akapumua. "Tena pole. Nasikia ile bembea yako nayo imeharibika."

Baba Mdogo aliinua kichwa. "Nani kasema?"

"Nimeambiwa iko kwa jirani. Eti maungio yalikatika."

"Maungio yangu?" Alisimama nusu. "Afande, ile bembea nimeichomelea kwa mikono hii! Huyo jirani hata kiti cha plastiki hajui kukiunga, leo aitengeneze bembea yangu? Ile haijakatika na haitakatika. Inabeba gari zima na injini yake, unaligeuza kwa mpini kwa mkono mmoja, hata Spana..."

Akakoma. Akaketi taratibu, akafunika uso kwa viganja.

"Nisamehe, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, na hakuwa anasema na Inspekta.

Saa kumi jioni Inspekta aliwarudisha wote uani: Chuma, Spana, na Baba Mdogo mwenye pingu. Koplo alikwisha kupita kwa jirani. Huko hakukuwa na bembea yoyote.

"Mkihama nyumba," alianza Inspekta, "kitanda kisichopita mlangoni mnafanyaje?"

"Unakilaza ubavu," alisema Chuma. Kisha mdomo wake ukabaki wazi.

"Eeh. Gari lenu ni pana, lakini ni fupi. Halinifiki hata mimi kifuani. Likibinuliwa ubavu kwenye bembea linakuwa jembamba kuliko huo mlango. Ila gari ukilibinua na oili na betri, vitamwagika kote na kuacha njia sakafuni. Kwa hiyo vinatolewa kwanza. Na mtu aliyelelewa hapa, hata akiwa anaiba, hawezi kuacha ufunguo wa injini kavu bila kitambaa." Akageukia kontena. "Hivi vyuma chakavu vilikuwa ndani ya hili. Vimetolewa ili kupata nafasi. Koplo, kata kufuli."

"Usikate," alisema Spana. "Ninao ufunguo."

Kontena lilipofunguliwa, mvuke wa joto uliwapiga usoni. Gari lilikuwa ndani, limelala ubavu kwenye bembea, madigadi yake yakikaribia kugusa dari. Chuma alilitazama kwa muda. Furaha ilimpanda usoni, halafu ikashuka yote.

"Wewe?" alimwambia binti yake. "Damu yangu?"

"Ufunguo nilikuvua shingoni ukiwa umelala, baba, nikaurudisha kabla hujaamka. Nikaligeuza kwa mpini, nikalivuta kwa winchi. Nilifikiri ukilikosa hiyo kesho ya ukaguzi, nitapata muda wa kukusihi. Baba mdogo hajui lolote."

"Nilijua tangu nilipoona bembea haipo," alisema Baba Mdogo. "Ila sikujua kwa nini. Nilijua tu kuwa kama ni yeye, basi ana sababu."

"Sababu gani?" Chuma alipiga kelele. "Sababu gani ya kunifanyia hivi?"

"Unaijua, baba."

"Nyamaza!"

"Uliniapisha kwa jina la marehemu mama. Nimenyamaza mpaka baba mdogo kafungwa pingu."

"Nimesema nyamaza!"

Inspekta alimsogelea msichana akasema kwa upole ambao koplo hakuwa amewahi kuusikia kwake: "Kiapo chako ni cha kutosema. Basi mimi nitasema, wewe ukanushe. Umelificha gari siku moja kabla baba yako hajaliendesha. Ni mgonjwa."

Spana hakukanusha.

"Ugonjwa wenyewe unamjia akiwa anaendesha."

Machozi yalianza kumtiririka. Hakuyafuta. Wote wakamgeukia Chuma, na yeye akatazama kulia, kushoto, kama anatafuta mlango.

"Nilizimia," alisema mwishowe. "Mara moja. Kabla ya kuchomelea madigadi tulilitoa kulijaribu. Nakumbuka naongeza gia. Halafu nakumbuka tuko majanini, na huyu kaniegemea, kashika usukani, analia."

"Mara moja, baba?"

"Mara tatu. Mbili nikiwa mezani." Alisaga meno. "Sasa umefurahi? Umenifunga. Mmenifunga wote. Mimi nisipoendesha ni nani?"

"Ni baba yangu," alisema Spana. "Ningeweza kulivunja hili gari. Nilishika nyundo, nikasimama mbele yake, mkono ukakataa. Hiyo injini nimeijenga kwa ajili yako. Lakini sikuijenga ikuue. Wala sikuijenga umgonge mtoto wa mtu barabarani. Nilikuwa silali, baba. Nilikuwa nashindwa hata kupumua ndani ya nyumba ile."

Inspekta alifungua pingu za Baba Mdogo. "Mali haijatoka kwenye kiwanja cha mwenyewe, na aliyeihamisha ni fundi wake. Wizi siuoni hapa. Ila mzee, mimi sijaapa kwa mtu. Dereva anayezimia nikimjua, lazima nimripoti. Kesho leseni yako itasimamishwa mpaka daktari aseme vinginevyo. Na gari nitalihitaji kituoni leo kwa picha, ndipo nifunge faili."

Waliivuta bembea nje, wakaligeuza gari mpaka likakaa juu ya miguu yake. Spana akarudisha oili, akafunga betri, akapenyeza mkono dirishani akaliwasha. Mngurumo ulijaza uwanja mzima, ukapanda ukutani, ukawatoa majirani madirishani.

Chuma alikuwa wa kwanza kuufikia mlango wa dereva. Alishika kitasa chake, akasimama hapo. Hakuna aliyemzuia. Koplo alipiga hatua, Inspekta akamshika shati. Spana aliweka kiganja juu ya paa, upande wa pili, akamtazama tu baba yake, kachoka, hana ombi lililobaki.

Kisha Chuma akauacha mlango wazi, akazunguka gari kwa nyuma, akimpita binti yake bila kumtazama, akaingia upande wa abiria. Hakuwa amewahi kukaa kiti hicho. Alipapasa mkanda asijue unafungiwa wapi, mpaka Spana alipoinama juu yake akamfungia, kama anayemfungia mtoto.

Spana akashika usukani, wakatoka getini. Waliofika kituoni nyuma yao walisema gari lilikwenda polepole mno, na kwamba njia nzima mzee alikuwa analia kwa sauti, huku mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu tupu kila walipokaribia kona.