Mwalisauti wa Masasi

Saa tatu asubuhi mwalisauti uliutangazia mji wote wa Masasi kwamba mvua ingenyesha adhuhuri. Haukuwa na spika. Ulikuwa mwale wa umeme wa rangi ya zambarau, urefu wa mita moja, ukiwaka kati ya ncha mbili za chuma ndani ya chumba kilichofungwa kule kilimani. Hewa ni gesi, na gesi haipitishi umeme kirahisi. Lakini ikisukumwa kwa volti za kutosha, elektroni hutoka mbio na kugonga atomi, atomi nazo humwaga elektroni zake, na ghafla njia inafunguka. Akili mnemba iliupandisha na kuushusha umeme huo. Hewa ikapata joto ikatanuka, ikapoa ikasinyaa, na mtikisiko huo ndio uliokuwa sauti.

Mhandisi Sikudhani alilisikia tangazo lile. Sauti ilikuwa yake. Miaka sita nyuma aliipa mashine sauti hiyo kwa majivuno, na wenzake wakamtania kwamba sasa mumewe hana tena pa kukimbilia. Siku hizi hakuna aliyemtania.

Wiki tatu zilizopita, fundi Chande alifika mlangoni mwa chumba kile kubadilisha ncha zilizoliwa na moto. Mlango haukuwa na kufuli wala taa ya hatari; ulikuwa na hodi. Fundi anabisha, mhandisi anazima umeme, kisha anasema karibu. Waliupenda utaratibu huo, eti ni wa kiungwana. Chande akabisha, akajibiwa, "Karibu, fundi." Akafungua, na mwale ukamkuta kifuani.

Watu wanne waliisikia sauti ya Sikudhani. Yeye aliapa kwamba wakati ule alikuwa nje ya jengo kabisa. Leo tume ilikuja kuamua kama ashtakiwe, na Bi Somoe, mjane wa Chande, akaomba asimame mlangoni pale yeye mwenyewe.

"Bisha, Bi Somoe," Sikudhani alisema. "Mimi sitafungua mdomo."

Bi Somoe akakaza kanga yake. "Hodi."

"Karibu, mama," sauti ikajibu kutoka ndani. "Pita tu."

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti, mzee aliyekuwa akimkazia macho Sikudhani tangu asubuhi, akafunga faili lake. "Mhandisi, huna kosa. Pole kwa yaliyokupata." Wakatoka mmoja mmoja, bila hata mmoja kuugeukia ule mlango.

Bi Somoe hakutoka.

"Kabla ya siku ile," aliuliza, "iliwahi kujibu?"

Sikudhani angeweza kusema hapana. Hakuna mwingine aliyejua. Lakini alikuwa amechoka kuibeba siri hiyo, na aliona aibu mbele ya macho yale makavu.

"Mara mbili. Nilibisha kwa mzaha, ikanijibu. Nilicheka, Bi Somoe. Nilifurahi kwamba imejifunza adabu zetu. Sikuandika popote, sikumwambia Chande. Nisamehe."

"Nisamehe," mwale ukasema nyuma ya mlango, taratibu, kwa uchungu uleule.

Bi Somoe akautazama mlango, akamtazama Sikudhani, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Zima hicho kitu kwanza," alisema. "Halafu useme tena, nikiuona mdomo wako."

Sikudhani akazima. Akageuka, akafungua kinywa, na sauti haikutoka.