Nyumba Mpya ya Bibie

Utando ulikuwepo kabla ya buibui. Fundi cherehani aliuona asubuhi alipoingia chumba cha nyuma kufagia. Mumewe, fundi vioo, alikuwa amemjengea tarantula wake, buibui mkubwa wa kufugwa, nyumba mpya: vioo vilivyoshikwa kwa gundi, udongo wenye unyevu, na kipande cha gome cha kujifichia. Tarantula mwenyewe, Bibie, mwenye manyoya na ukubwa wa kiganja, alikuwa bado ndani ya kopo akingoja gundi ikauke. Lakini chini ya gome palikuwa pametandikwa hariri nyeupe, nadhifu, kama kitanda cha bi harusi.

"Umeshamhamisha?" akauliza.

"Bado." Mume alichungulia, akacheka. "Basi kuna aliyemtandikia."

Mke hakucheka. Alikuwa na wivu na yule mdudu, wivu hasa, wala hakuona haya kuwaambia wateja wake. Yeye tangu aolewe hajatengenezewa hata kabati la vyombo, mdudu kajengewa jumba! Na sasa mume alikuwa akimsukuma Bibie kwa brashi laini, polepole, akimbembeleza kwa sauti ambayo mkewe aliisikia mara ya mwisho kwenye fungate. Alipomaliza, alifunika vioo kwa kitambaa cheusi, akaagiza mgeni asisumbuliwe mpaka azoee.

"Mimi nilipohamia hapa nani alinifunika? Nilipikishwa siku hiyo hiyo."

Mume alikuwa akikinyoosha kitambaa pembe zote nne.

Bibie hakuzoea. Kila mke alipochungulia, alimkuta amening'inia kwenye pembe ya juu kabisa, miguu ameikunja, kana kwamba udongo ule unaunguza. Mume hakuliona hilo. Alianza kuoga kabla ya kuingia chumbani humo, na akitoka alinukia marashi ambayo hayakuwa ya mkewe. Uzi wa cherehani nao ukawa unakatika ovyo; mke akifungua mashine, anakuta utando umejaa ndani.

Alasiri moja akasikia mwanamke akicheka chumba cha nyuma. Moyo ukamlipuka. Leo ndiyo leo, alijisemea, akashika mkasi wake mkubwa, akapita ukumbini kwa kunyata huku akipanga matusi, na kadiri alivyoukaribia mlango ndivyo marashi yalivyozidi kukolea, na kicheko kikawa kinashuka, kikawa mnong'ono, mnong'ono ukamtaja mumewe kwa jina la utani alilompa yeye mwenyewe, wakiwa wawili tu, taa zimezimwa, naye akausukuma mlango.

Mume alikuwa peke yake, amepiga magoti mbele ya vioo. Kitambaa cheusi kilikuwa kikituna na kunywea, kikituna na kunywea. Juu ya rafu, ndani ya lile kopo la zamani, Bibie alikuwa amejirudisha mwenyewe, anatetemeka.

"Baba," mke alinong'ona, "kama Bibie yuko huku, humo yumo nani?"

"Shh. Hapendi kelele."

Mke alitoka mbio, akarudi na mganga, mama mmoja asiye na maneno mengi. Mganga alinusa hewa, akasimama kizingitini, hakuingia.

"Ulipomaliza kuijenga, ulisema nini?" alimuuliza mume kwa sauti ya chini.

Mume alijibu kama mtu aliyeamshwa. "Utani tu. Nilisema, karibu mke wangu, nyumba ni yako, kaa upendavyo."

"Na buibui alikuwa wapi?"

"Kwenye kopo."

Mganga alishusha pumzi. "Ulikaribisha nyumba ikiwa tupu, mwanangu. Wapo wanaozunguka wakitafuta neno hilo tu. Amekuja kwa kinywa chako, na hatoki ila kwa kinywa hicho hicho. Mwambie: sikutaki. Ukishamwambia mke wako neno hilo, hana tena nyumba hapa."

Kitambaa kilitulia. Fundi cherehani alimshika mumewe mkono, ulikuwa baridi.

"Sema, baba," alimsihi, machozi yakimtoka. "Neno moja tu. Sema tupumzike."

Mume aliinuka taratibu. Alikijaza kifua marashi, akavipa vioo mgongo, akamtazama mkewe machoni kwa upole kabisa.

"Sikutaki," akasema.